Koili Iliyofupishwa

Mwanangu Mariamu,

Asalamu alaikum. Barua ya heshima huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua, maana nakusikia hapo uani ukibishana na mama yako juu ya sufuria. Yeye anasema mbili, wewe unasema moja inatosha. Utabeba mbili, usijichoshe. Mambo ya sabuni, blanketi, nani wa kumsalimia na nani wa kumkwepa, mama yako anayasema tangu Jumatatu, mimi sina la kuongeza. Nimefunga nusu ya mlango wa karakana ili wateja wadhani nimekwenda kuswali alasiri. Nishaswali. Nimekaa kwenye kiti changu cha kazi, na mbele yangu kuna kopo la maziwa ya unga ambalo hujawahi kuona ndani yake.

Usicheke mwandiko wangu. Naandika Kiswahili kwa sababu Kinubi chetu ni cha kusema tu, Kisoga changu ni cha sokoni, na Kiingereza chako kinanishinda. Kiswahili babu yako alikileta nyumbani kutoka kambi ya jeshi pamoja na mkanda wake, akatulea kwa vyote viwili.

Kesho asubuhi unaondoka Jinja kwenda Mbale kusomea umeme, na utakaa mtaa wa Nabuyonga kwa shangazi yako Saida, dada yangu mkubwa. Siwezi kukuacha uingie nyumba ile bila kujua baba yako alifanya nini mle. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo. Juzi nilikuita, ukaja, nikakuuliza kama umekula. Ulinitazama ukajua kuna kitu, wewe si mjinga. Basi ngoja niandike.

Nianze na kofi.

Ulikuwa kidato cha tatu. Ulikuja hapa kutoka shule, sare bado mwilini, ukaniambia, "Baba, leo nakufundisha kazi yako." Nikacheka, nikakuvutia kigoda. Ukaandika kwenye daftari lako kwamba volti ukizigawa kwa ampea unapata ukinzani, na volti ukizizidisha kwa ampea unapata nguvu, yaani wati. Nikakuuliza huo ukinzani ni mnyama gani. Ukasema ni vile waya unavyokataa kupitisha umeme, mwingine unakataa sana, mwingine kidogo, na kipimo chake kinaitwa omu. "Kumbe ubishi," nikasema. Ukacheka mpaka ukashika meza. "Haya Baba, ubishi wa waya."

Ukachukua mita yangu ya njano. Miaka yote ile, mwanangu, mita ile niliitumia kujua umeme upo au haupo, basi. Sikujua ina maneno mengine. Ukapima koili mpya ya jiko la umeme, iliyokuwa bado kwenye karatasi yake. Ikasoma omu ishirini na tisa kasoro kidogo. Ukagawa volti mia mbili arobaini kwa namba hiyo, ukapata ampea nane na kitu, ukazidisha, ukapata wati elfu mbili. Na juu ya karatasi palikuwa pameandikwa wati elfu mbili! Uliruka. Mimi pia nilifurahi, wallahi, nikajiona nimezaa mtu.

Halafu ukapima koili iliyokuwa mezani, ile ya mke wa afande mmoja wa kambi ya Kimaka, niliyoitengeneza asubuhi hiyo. Ikasoma omu ishirini na moja. Ukapiga hesabu, ukanitolea macho. "Baba! Hii yako inakula umeme kuliko ile mpya! Ampea kumi na moja na zaidi! Unawatengenezea watu jiko ama bomu?"

Nikakupiga kofi. Daftari likaanguka, nikalipiga teke likaenda mpaka mlangoni.

Mama yako alisema, "Banange, mtoto amekosa nini?" Nikamjibu hana adabu, anamdharau baba yake mbele ya kazi yake. Nawe ukaamini. Tangu siku ile hukupiga hesabu tena mbele yangu. Ukija karakanani unakuja na chai, unaweka, unaondoka. Ulifaulu fizikia kuliko wavulana wote wa darasa lako, mimi nikaambiwa na mwalimu wako njiani. Miaka minne, Mariamu. Kofi lile halikuwa lako. Ulikuwa umesema kitu cha kweli kuliko vyote nilivyowahi kuambiwa ndani ya chumba hiki, na ulikisema ukicheka, bila kujua umesema nini. Nisamehe. Nilipaswa kukwambia neno hilo jioni ile ile.

Sasa nikueleze kwa nini mkono ulinitoka.

Unajua koili ya jiko inavyokatika. Sufuria linamwagika, chumvi inaingia, waya unaliwa mahali pamoja, tap, giza. Watu hawanunui mpya, wanakuja kwa fundi. Na fundi, kama nilivyofundishwa na aliyenifundisha, anakata kipande kilichoungua, anavuta ncha mbili, anazisokota pamoja, anarudisha kwenye mfereji wake. Kazi ya dakika kumi. Na jiko likiwaka baada ya hapo linawaka vizuri kuliko zamani! Hilo ndilo lililonipa jina mjini. Wake za maafande wa Kimaka walinijia na majiko kwenye boda boda. Mmoja aliniambia, "Fundi, sasa jiko iko moto sana, chai naiva kabla sijatafuta kikombe!" Nami nikavimba kichwa. Nilidhani ni mkono wangu. Nilidhani kuna namna ninayosokota ambayo mafundi wengine hawaijui.

Hapakuwa na namna. Kila nikikata kipande, koili inafupika. Ikifupika ubishi unapungua, ubishi ukipungua ampea zinaongezeka, na jiko linavuta umeme ambao nyaya za nyumba hazikuandaliwa kuupitisha. Ule moto waliokuwa wakinisifia ulikuwa unachoma pia mahali wasipopaona, ndani ya ukuta na juu ya dari. Hayo ulinionyesha wewe kwa kalamu ya risasi. Mteja akikusifu siku moja kwamba kitu kimekuwa na nguvu kuliko kilipokuwa kipya, mshukuru, halafu chukua mita.

Sasa Nabuyonga.

Wewe ulikuwa bado mgongoni mwa mama yako. Shangazi yako Saida alikuwa na mume, Haruna, na mtoto mmoja wa miaka minne, Jaffari. Yule mtoto alikuwa mtundu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniita "Mjomba Waya" na kunipekua mifukoni akitafuta vipande vya waya wa rangi. Nyumba yao nyaya niliweka mimi. Nilifanya kwa upendo na kwa haraka. Jikoni sikuweka waya wake mnene peke yake, nilivuta ule ule mwembamba wa taa, nikauunga juu ya dari, nikafunga kiungo kwa plastiki. Nilijiambia ni jiko moja tu, litafanya nini.

Jiko lile koili yake ilikatika mara nne. Mara nne nilipanda gari kwenda Mbale, nikakata, nikasokota, nikala wali wa dada, nikarudi Jinja na sifa. Baada ya mara ya nne fyuzi ikaanza kukatika. Dada akanipigia simu, "Mdogo wangu, taa zinazimika kila nikipika." Nikaenda. Mariamu, sikiliza hapa. Fyuzi ilikuwa inaniambia. Ilikuwa inakatika kwa sababu ampea zimezidi, hiyo ndiyo kazi yake hapa duniani. Mimi nikaona ni usumbufu. Nikatoa ule uzi mwembamba wa fyuzi, nikaweka nyuzi tatu za shaba zilizosokotwa, nene hivi. Nikamwambia dada, "Sasa haitakusumbua tena." Akanipa maandazi nikuletee nyumbani.

Haikumsumbua tena. Wiki ya tatu, mchana, shangazi yako alikuwa amebandika maharage. Jaffari alikuwa amelala chumba cha pili. Maji yalikwisha, akachukua dumu akaenda bombani kwa jirani. Si mbali, utaliona mwenyewe. Alipogeuka akaona moshi unatoka chini ya bati. Moto ulianza juu ya dari, mahali penye kiungo changu, ukashuka upande wa chumba cha mtoto. Majirani walivunja dirisha wakamtoa. Alikuwa ameshakata roho. Hakuungua sana, ni moshi. Mimi ndiye niliyemshika wakati wa kumwosha, nikasema moyoni amelala tu huyu.

Nililia. Sijalia hivyo tena mpaka leo ninapoandika. Subiri kidogo.

Haya. Siku ya pili yake niliingia ndani ya ile nyumba peke yangu. Watu waliona fundi anakwenda kuangalia, hakuna aliyeuliza. Nikakuta nyuzi zangu tatu za shaba ziko vile vile kwenye fyuzi, hazijakatika hata moja, na waya wa dari umeliwa wote. Sikujua hesabu, lakini niliona. Nikazitoa zile nyuzi nikatia mfukoni. Nikaitoa na koili kwenye jiko, nayo nikatia mfukoni. Hata sasa sijui kujieleza. Mtu asiye na kosa haokoti vitu akaficha, au sivyo?

Siku ya tatu, baada ya dua, wazee wakakaa. Haruna alikuwa kama mtu aliyepagawa. Alisimama mbele ya watu akasema, "Aliacha moto akaenda kupiga domo bombani. Ameniua mtoto." Dada yangu alikuwa kwenye mkeka na wanawake, hakuinua kichwa. Alisema tu, "Nilikwenda kuchota maji." Mzee mmoja akanigeukia, kwa haki kabisa, akaniuliza, "Fundi, nyaya uliziweka wewe. Umeme ungeweza kufanya hivi?"

Nyuzi zilikuwa mfukoni. Nilikuwa nazigusa kwa vidole.

Nikasema, "Nyaya zangu zilikuwa sawa, mzee. Lakini jiko likiachwa bila mtu, lolote linaweza kutokea."

Ni maneno hayo tu. Nimeyabeba miaka kumi na minane, nayajua kila herufi. Dada aliinua kichwa akanitazama. Hakukasirika, Mariamu! Alinitazama kama mtu aliyepewa jibu. Aliniamini. Mimi ndiye mwenye kujua umeme katika ukoo, basi kama mdogo wake anasema ni jiko liliachwa, ni kweli aliliacha. Miezi mitatu baadaye Haruna akampa talaka. Watu wa mtaa wakaacha kumwachia watoto wao. Akakarabati vyumba viwili kwa kuuza vifuniko vya kusuka na chai, akabaki hapo hapo, peke yake, mpaka leo.

Kutojua hesabu kunasameheka. Hakuna aliyenifundisha, na niliwafanyia wengi kama nilivyomfanyia dada, Mungu alikuwa akiwasitiri. Siku ile ulipopima nilifunga karakana wiki nzima, unakumbuka, nikasema nina malaria. Nilikuwa nazunguka Kimaka nyumba kwa nyumba nikibadilisha koili zote nilizofupisha, nikidanganya kwamba kuna aina mpya imetoka. Nyingine maafande walikuwa wameshahamishwa nazo, sijui ziko kambi gani. Lakini yale maneno kwenye mkeka si ujinga. Pale nilijua vya kutosha kunyamaza angalau, na hata kunyamaza sikunyamaza.

Utaniuliza mbona sikusema baadaye. Mwanzoni nilisema nitasema msiba ukipoa. Halafu nikasema Haruna akimrudia, hakuna haja. Halafu nikasema, sina uhakika, huenda kweli aliacha kitambaa karibu na moto. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonilaza usingizi miaka mingi. Nilijificha ndani ya kutokuwa na uhakika, mpaka wewe ukaja na daftari ukanitoa. Baada ya kofi, ulipokwenda kulia kwa mama yako, nilifungua hili kopo la maziwa. Koili ya Nabuyonga imo humu, na zile nyuzi tatu. Nikachukua mita nikapima kama ulivyopima wewe. Omu kumi na tisa.

Niliokota daftari lako mlangoni, nikafuata mistari yako kwa kidole. Sikumaliza siku ile, sikujua kugawa namba yenye nukta. Nimejifunza. Mwalimu wako alinifundisha, yule yule, nilimtengenezea redio yake. Usimcheke, nilimwambia asikuambie.

Mama yako nimemweleza jana. Alikaa akakunja gauni lako moja, akalikunjua, akalikunja tena. Halafu akasema, "Na mtoto wangu unampeleka akalale mle?"

Maana hukujua hili pia. Chumba utakacholala ni cha Jaffari. Dada mwenyewe ndiye aliyesema, tulipokuwa tunatafuta pa kukuweka. "Mlete mtoto kwangu, chumba kipo." Amekipaka chokaa. Amenunua godoro. Miaka yote hii hajawahi kuniomba kitu, na alipoomba aliomba wewe.

Leo asubuhi nilimpigia simu. Nilikuwa nimejikaza nimwambie kila kitu kwenye simu, kwa uoga wangu, ili nisione uso wake. Alipokea akicheka. Akaniuliza unapenda mchuzi gani. Akasema atakusukia kifuniko cha rangi nyekundu na kijani. Halafu akashusha sauti. "Mdogo wangu, mwambie tu asije na pasi ya umeme wala jiko. Taa nitamwachia awashe asome, mimi nitakaa naye mpaka azime. Usinione nina wazimu. Unajua mwenyewe nilichofanya."

Nilichofanya, alisema.

Nikamwambia, "Sawa, Dada," nikakata simu. Mwanamke anazima swichi kubwa ya nyumba kila anapokwenda hata chooni, miaka kumi na minane, kwa kosa langu, na mimi nasema sawa, Dada.

Kwa hiyo kesho tunakwenda wote. Kiti changu garini kiko karibu na chako, mama yako anajua. Mwanzoni nilifikiri nikupe kopo ulipeleke wewe, upime mbele yake, umweleze kwa Kiswahili chako kizuri. Wewe anakupenda, angekusikia. Nikaona haya. Hata aibu yangu nilitaka nikubebeshe, pamoja na sufuria mbili! Hapana. Tukifika utaingia, utamsalimia, utamwachia akukumbatie atakavyo. Halafu utakwenda nje, ukae hata kwa jirani mwenye bomba, uniache naye. Nitamwambia mimi. Nitapima mimi. Mita ninayo, betri nimeweka mpya. Baada yake nitawaambia wazee walio hai, na nitamtafuta Haruna, nasikia yuko Tororo. Lakini shangazi yako kwanza.

Sijui atafanya nini. Akinifukuza, ni haki yake, wewe baki. Akitufukuza wote wawili, usimlaumu, tutatafuta pengine. Akiniuliza kwa nini, sina la kumpa zaidi ya kwamba niliogopa. Nawe pia, ukimaliza kusoma hapa, kama hutaki niketi karibu nawe kesho, niambie, nitakaa kiti cha nyuma. Kama hutaki kuniita Baba kwa muda, nitasubiri. Nakupenda, mwanangu. Hili nalo sikulisema vya kutosha, nikidhani unaliona kwenye karo.

Kitu kimoja tu nakuomba, na ni kidogo. Hesabu nimeiandika kwenye karatasi nyingine, nimeiweka ndani ya bahasha hii, kwa herufi kubwa kwa sababu macho ya shangazi yako yamepungua. Jiko likiwa jipya: mia mbili arobaini gawa kwa ishirini na nane nukta nane, ampea nane na theluthi, wati elfu mbili. Jiko nilivyoliacha mimi: mia mbili arobaini gawa kwa kumi na tisa, ampea kumi na mbili nukta sita, wati elfu tatu na ishirini na nne. Chini yake nimeandika, "Dada, moto ulianza kwenye waya wangu. Hata ungekaa pale pale mbele ya jiko, moto ungewaka vile vile." Nataka abaki na karatasi hiyo mkononi, aitazame siku ambazo atasahau kwamba hana kosa.

Nimeirudia mara tatu, na bado siiamini mikono yangu. Kalamu nyekundu iko mezani, karibu na mita. Kigoda chako nimekifuta vumbi. Ukimaliza kugombana na mama yako, njoo karakanani uikague mbele yangu, mstari kwa mstari, na ukiona nimekosea, sema kwa sauti.

Baba yako,
Rajabu